Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Washauri Nasaha wa Dharura

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa heshima na kuwashukuru mliofika. Katiba yetu inanitaka niwasilishe taarifa ya mwaka unaokwisha, nami ninafanya hivyo. Shughuli za kawaida mnazijua, maana mlizifanya wenyewe, kwa hiyo nitazipitia haraka. Simu ya msaada ilipokewa usiku na mchana mwaka mzima. Wajitoleaji wapya walifundishwa, wakapimwa kwa simu za kuigiza, na waliofuzu wamepangiwa zamu. Orodha ya mahali pa rufaa ilihakikiwa upya na namba zisizopatikana zikafutwa. Tuliitwa kwenye matukio ya moto na ajali, tukaenda. Daftari la zamu sasa linaandikwa kwa utaratibu mmoja, jambo nililolipigania tangu mliponichagua, na nimefurahi kuona hata waliolipinga wanalitumia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo ambalo limezungumzwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni: uamuzi wa kamati tendaji wa kusitisha vikao vya kusimulia tukio. Nimeandikiwa barua. Nimeambiwa nimebomoa kazi ya waasisi, na mwanachama mmoja ninayemheshimu ameniuliza kama ninajua vikao hivyo vilituletea jina gani. Ninajua. Nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiviendesha.

Kwa faida ya wanachama wapya, nieleze vilivyokuwa. Baada ya ajali au shambulio, tuliwakusanya walioguswa wote ndani ya siku tatu za mwanzo, kwa kikao kimoja cha saa mbili au tatu. Tulizunguka duara: kila mtu aeleze alichokiona, alichokifikiri, na sehemu iliyomwumiza kuliko zote. Mara nyingi mwajiri au mkuu wa taasisi alikuwa ameshatangaza kuwa kuhudhuria ni lazima. Watu walilia, tukawafariji, tukawapa vipeperushi, tukaondoka. Waliotualika walituandikia barua za shukrani na malipo yaliingia mapema. Ndiyo maana uamuzi huu umeuma, nami naelewa.

Utaratibu huo haukubuniwa na chama chetu. Ulitungwa na Jeffrey Mitchell huko Marekani na kuchapishwa mwaka 1983, kwa ajili ya vikundi vya wazima moto, wahudumu wa magari ya wagonjwa na wenzao, watu waliozoea kufanya kazi pamoja na wanaokutana na vifo kama sehemu ya ajira yao. Sisi na wengine wengi duniani tuliuchukua tukaupeleka kwa kila mtu: abiria, wanafunzi, wafiwa, watu wasiojuana hata majina. Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo, na wala si kwa sababu washauri hawakuwa na moyo.

Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu walioungua moto. Miezi 13 baadaye, asilimia 26 ya waliofanyiwa kikao cha kusimulia walikuwa na maradhi ya msongo baada ya kiwewe (PTSD), yaani kuendelea kuteswa na tukio muda mrefu baada ya kupita, dhidi ya asilimia 9 ya wasiofanyiwa. Mwaka 2002 mapitio ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba), yaliyokusanya majaribio ya namna hiyo, hayakupata ushahidi kwamba kikao kimoja kinazuia maradhi hayo, na yakahitimisha kuwa kuwalazimisha waathirika kukaa vikao hivyo kukome. Mwaka 2009 jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lilipima ushahidi na kushauri kuwa mtu aliyetoka kwenye tukio zito apewe msaada wa kwanza wa kisaikolojia, yaani kutulizwa, kusikilizwa na kusaidiwa mahitaji yake ya papo hapo bila kulazimishwa kusimulia, badala ya kikao cha kusimulia. Mwongozo wa msaada huo ukatolewa mwaka 2011. Karatasi zenye takwimu hizi ziligawiwa kwa wanachama wote kabla ya kamati kuamua, na nilizigawa mwenyewe. Anayesema hakuona chochote akumbuke hilo.

Hoja zilizoletwa dhidi yetu ni tatu, na nitazijibu kwa haki.

Ya kwanza: katika utafiti wa 1997, waliofanyiwa kikao walikuwa wameungua zaidi tangu mwanzo. Ni kweli, na watafiti wenyewe walilisema. Ndiyo sababu kamati haikusimama juu ya utafiti mmoja. Lakini hata ukiuweka pembeni, hakuna aliyetuletea ushahidi mzuri kwamba kikao kile kinasaidia. Na sisi tunaingia kwa watu siku ambazo hawana nguvu ya kutukataa. Mwenye wajibu wa kuthibitisha ni yule anayetaka kuendelea, si yule anayetaka kusimama.

Ya pili: majaribio mengi yalihusu vikao vya mtu mmoja mmoja, na sisi tulifanya vya kikundi. Hili nalo ni kweli. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kikundi cha watu wasiojuana kina hatari yake ya pekee. Aliyekuwa upande wa pili wa jengo na hakuona maiti anatoka kikaoni akiwa amezibeba zote kichwani kwa maelezo ya wenzake. Wengi wetu tumeliona hilo kwa macho. Tofauti ni kwamba baadhi yetu tuliliita uponyaji.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa kuwa ilitoka kwa mwalimu wangu. Alisema waasisi wetu walimfuata daktari wa akili Erich Lindemann, aliyefundisha kuwa msiba usiosemwa humrudia mwenyewe. Tangu mafunzo ya kwanza tunafundishana habari za moto wa ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston, Novemba 1942, uliowaua watu 492. Lindemann aliwahudumia manusura na wafiwa wa moto ule, na makala yake ya mwaka 1944, iliyotokana na mazungumzo na watu 101, ni miongoni mwa misingi ya kazi yetu. Lakini tuisome yote. Lindemann hakumkalisha mfiwa mara moja na kumwacha. Alieleza mazungumzo 8 hadi 10 katika muda wa wiki 4 hadi 6, akiwa na mtu yuleyule, akimfuata kwa mwendo wa huyo aliyefiwa. Gerald Caplan, aliyeiendeleza kazi hiyo, alishikilia kipimo hichohicho: hali ya janga la nafsi kwa kawaida haidumu zaidi ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu mwanadamu hawezi kuishi muda mrefu bila mizani. Ama atapata namna mpya ya kukabili, au atashuka kuliko alivyokuwa. Kazi ya mshauri imo ndani ya wiki hizo. Anayetaka kumfuata Lindemann basi arudi kwa mfiwa wiki ya pili, na ya tatu, na ya nne. Hiyo ndiyo ratiba tuliyoiweka sasa, na ndiyo inayolalamikiwa kuwa inachosha.

Nataka ieleweke pia kwamba hakuna aliyekatazwa kuzungumza. Anayetaka kusimulia, tunamsikiliza hadi amalize, hata ikichukua usiku kucha. Tulichokiacha ni kumchimba asiyetaka. Mama amesimama kwenye korido ya hospitali, hajui mtoto wake yuko wodi gani au kama yu hai. Kumwuliza ni kitu gani kilichomtisha zaidi ni kumwongezea mzigo. Anahitaji mtu atakayekwenda dirishani kumwulizia, arudi na jibu la kweli hata likiwa “bado hawajajua”, ampatie pa kukaa na maji ya kunywa, ampigie ndugu yake simu, na asiahidi asichoweza kukitimiza. Huo ndio msaada wa kwanza wa kisaikolojia: angalia, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Wapo waliosema kazi hiyo hata asiyesoma anaweza kuifanya. Ninawaomba wajaribu kusimama kando ya mama yule kwa saa nne bila kumwambia “usilie, Mungu anajua”, halafu tuzungumze tena.

Ushahidi wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia wenyewe bado ni mwembamba. Umejengwa zaidi juu ya makubaliano ya wataalamu kuliko majaribio makubwa, na niliwaambia hivyo wajumbe wa kamati kabla hawajapiga kura. Sikuficha. Walipiga kura wakijua, na uamuzi ukapita kwa wingi.

Jambo la pili lililozua maneno ni agizo kwamba kila mpigaji simu anayezungumza kwa kukata tamaa aulizwe waziwazi: “Je, unafikiria kujiua?” Baadhi ya wanachama wanaendelea kuzungukazunguka, wanauliza kama “mawazo ni mazito” au kama mtu “amechoka na mambo”. Hofu yao ni kumtia mtu wazo asilokuwa nalo. Hofu hiyo imechunguzwa mara nyingi, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona kuwa kuuliza kunaongeza mawazo hayo. Watu wengi hupumua pale wanapoulizwa, kwa kuwa sasa wamepata mtu asiyeogopa jibu lao. Na usipouliza, utajuaje kama unaongea na mwenye huzuni au na mwenye mpango na njia mkononi? Hao wawili hawahudumiwi kwa mazungumzo ya namna moja. Huyu wa pili hatumwachi peke yake kwenye simu huku tukitafuta msaada, na pale maisha yanapokuwa hatarini usiri wetu una mpaka, mpaka ambao mpigaji anapaswa kuwa ameelezwa.

Pamoja na swali hilo tumeingiza mpango wa usalama, ule uliotungwa na Barbara Stanley na Gregory Brown. Mshauri na mhusika wanaandika pamoja dalili za hatari, mambo ya kujituliza, watu wa kuwaendea, wataalamu wa kuwapigia, na namna ya kuviweka mbali vitu vya kujidhuru. Utafiti wao wa mwaka 2018 katika vitengo vya dharura vya hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani) nchini Marekani ulionyesha kuwa waliopewa mpango huo pamoja na simu za ufuatiliaji walipungukiwa na matukio ya kutaka kujiua kwa asilimia 45 ndani ya miezi 6, wakilinganishwa na waliopewa huduma ya kawaida. Naomba msisitizo uwe kwenye maneno “pamoja na simu za ufuatiliaji”. Fomu za mpango zinajazwa vizuri sana. Simu za siku ya pili na ya tatu hazipigwi. Nimepitia daftari ukurasa kwa ukurasa, na safu ya ufuatiliaji ni nyeupe.

Hapo nafika kwenye mahudhurio. Vikao vya usimamizi, ambapo mshauri huleta simu iliyomlemea na kupitiwa na mwenzake mwenye uzoefu, viliitishwa kila mwezi. Zaidi ya mara moja nimekaa na msimamizi wetu, watu watatu, tukitazama viti. Udhuru ni uleule: kazi, safari, watoto. Ninaupokea. Lakini wanachama wanaopokea simu nyingi zaidi ndio wasioonekana, na hao ndio ninaowahofia. Kinyozi hajinyoi. Mtu anayesikiliza habari za ubakaji na vifo wiki baada ya wiki bila kuwa na pa kuzipeleka huanza kuota ndoto za wengine, hukasirika nyumbani bila sababu, au hugeuka mkavu hata mpigaji simu akahisi anasomewa karatasi. Mwaka huu tumewapoteza washauri wazuri kwa njia hiyo. Hawakutukana mtu, waliacha tu kuja. Kamati sasa imeamua kuwa asiyehudhuria usimamizi miezi mitatu mfululizo ataondolewa kwenye zamu hadi atakapohudhuria. Najua nitaitwa mkali tena. Ni heri hivyo.

Ada. Waliolipa kamili hawafiki nusu ya wanachama. Waliolipa sehemu ni kama robo. Waliobaki hawajalipa chochote, na miongoni mwao wamo waliowahi kukaa kwenye kamati na wanaoijua vizuri bili ya simu. Kuna mwezi simu ingekatwa kama mimi na mweka hazina tusingetoa mifukoni mwetu. Sitaji hilo ili nisifiwe. Natoa taarifa kwa sababu wanachama wana haki ya kujua. Kumejengeka pia hoja kwamba tungekuwa na fedha kama tusingeacha vikao vya kusimulia. Huenda. Lakini sitakubali kuwauzia wafiwa kitu ambacho sisi wenyewe tumeacha kukiamini ili tulipie bili. Wadaiwa wote wameandikiwa, na kwa mujibu wa katiba hawatapiga kura leo. Meza ya mweka hazina ipo mlangoni na risiti zinatolewa papo hapo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kuanza kupokea ujumbe wa maandishi kwa wale wasioweza kuongea kwa sauti mahali walipo, hasa wanaoishi na anayewapiga. Tunafikiria mafunzo ya kuwahudumia watoto, ambao wengi wetu bado tunawazungumzisha kama watu wazima wafupi. Mazungumzo na vyombo vya dharura kuhusu kuitwa mapema zaidi yameanza na tuna matumaini. Upo pia mpango wa chumba cha usimamizi chenye faragha, ingawa bado hatujapata mahali.

Nawashukuru katibu, mweka hazina, wasimamizi, na kila aliyepokea simu saa tisa za usiku akaiandika kwenye daftari. Ajenda inayofuata ni maswali juu ya taarifa hii. Ninawaomba wale walioandika barua wasimame wayaulize hapa, mbele ya wote, nami nitajibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti