Shukrani kwa dada wa faili la kijani
Dada uliyenitangulia kwenye foleni kwa chifu, Nyalenda, Kisumu, asante. Nilishamwita fundi aje ang'oe mlango wa yule mpangaji wangu wa redio usiku kucha na matusi kwa majirani. Ukaniambia, "Mama, ukigusa huo mlango, mwenye kesi ni wewe." Kumbe Sura ya 296, sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi ya pango, inalinda wapangaji wa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi (yangu 2,300, mcheke tu), na kero kwa majirani ni sababu ya kuomba amri ya kumtoa, si ya kushika nyundo. Fundi nikampa nauli akarudi. Sasa saa za kelele naziandika kwenye daftari la maziwa, kama ulivyosema. Soda yangu uliikataa. Bado nakudai uinywe.