Kuhusu huyo Prabda wako

Shoga yangu Zuhura,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa wanao. Sisi wazima, tunashukuru. Samahani kwa kimya, lakini Jumamosi iko mlangoni, kwa hiyo niruhusu nikate salamu hapa. Utangulizi wako wa kikao cha kusoma hadithi za Prabda Yoon, yule mwandishi wa Thailand, nimeusoma wote, pamoja na ule ukurasa wa mwisho ulioandikwa na mtu mwenye usingizi.

Hilo "Bwana Yoon" lifute kila lilipo. Thailand mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, awe mwandishi au waziri mkuu. Majina ya ukoo yenyewe yaliletwa kwa sheria ya 1913. Huyu ni Prabda. Tena ukisema Yoon tupu utawachanganya watu, maana aya ya pili tu unamleta baba yake, Suthichai Yoon, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la The Nation la Bangkok.

Mwaka wa kuzaliwa, 1973, sawa. Tuzo ya S.E.A. Write, ile ya waandishi wa Kusini-Mashariki mwa Asia, ya 2002, sawa. Tunapokosana ni pale unaposema ameathiriwa na waandishi wa Marekani "kwa kuwa alisoma huko". Alikwenda kusomea nini? Sanaa! Alipita vyuo vya Parsons, halafu Cooper Union, New York, akasomea usanifu wa michoro. Kati ya walimu wake alikuwemo Milton Glaser, yule aliyebuni nembo ya New York yenye moyo mwekundu. Alihitimu 1997. Waandishi wa Marekani amewasoma, ndiyo, na baadaye akamtafsiri mmoja wao, Salinger, kwa Kithai, pamoja na Lolita ya Nabokov. Lakini ukianzia kwa Salinger utampita mlangoni bila kumwona. Changanya baba mwenye gazeti, mama (Nantawan) mwandishi wa riwaya na mhariri wa jarida, na shule ya usanifu: unapata mtu ambaye kwake ukurasa ni sehemu ya hadithi.

Chukua hadithi yake ya Miss Space. Msimulizi yumo ndani ya basi, anamwona msichana anaandika daftarini akiacha nafasi kubwa kupita kiasi, na jambo hilo linamkosesha raha. Kwetu utasema, nafasi tu, ndiyo kisa? Ngoja. Kithai huandikwa maneno yakiwa yameshikana, hakina herufi kubwa, na kwa kawaida hakiweki nukta mwisho wa sentensi. Nafasi ndiyo inayokuambia wazo limekatika. Anayeitawanya ovyo anacheza na pumzi ya msomaji. Usipowaeleza wenzako hilo kabla ya kusoma, Mwalimu Haji atauliza "hadithi iko wapi?" na jioni yote itaishia hapo.

Na hapa ndipo tafsiri ya Kiswahili anayoiandaa Saumu itakapokwama. Kiswahili kinaweka nafasi kila baada ya neno, kwa hiyo nafasi mbili hazionekani. Aweke nne au tano, na aziweke hivyo hivyo kila mara, la sivyo zitaonekana makosa ya uchapaji. Halafu asichape kwa simu. Simu nyingi ukigusa nafasi mara mbili zinaweka nukta zenyewe, na ukipeleka kwenye kioo chembamba mistari inakatika popote. Akilazimika kutumia simu, azime hiyo nukta ya kujiweka kwenye mipangilio ya kibodi, kisha atume PDF, asibandike maandishi WhatsApp.

Pen in Parentheses nayo, sehemu kubwa imefungiwa ndani ya mabano. Mkiisoma kwa sauti muwe wasomaji wawili: mmoja wa nje ya mabano, mmoja wa ndani. Wa nje atanyamaza muda mrefu mpaka watu wamsahau, na akirudi watashtuka. Ndivyo inavyotakiwa. Sauti moja tu haitoshi, mabano hayasikiki.

Hadithi ya Marut by the Sea ndiyo mmalizie nayo. Mhusika anamsema vibaya Prabda mwenyewe kwa jina, na Haji atacheka, jambo ambalo si dogo.

Kitu kimoja umekiacha kabisa, nacho ndicho kinachoeleza kwa nini tuzo ile ilikuwa habari. Waliomtangulia walibeba mzigo mzito. Wanafunzi waliiangusha serikali ya kijeshi Oktoba 1973, wakauawa Chuo Kikuu cha Thammasat, Bangkok, Oktoba 1976, na fasihi ikawa ya kutetea wanyonge: vijiji, dhuluma, umaskini. Chart Korbjitti alipata tuzo hiyo hiyo 1982 kwa riwaya ya mtumishi wa shule anayemalizwa na umbeya wa kijiji. Prabda alirudi 1998, mwaka mmoja baada ya baht, sarafu ya Thailand, kuporomoka, akaleta vijana wa mjini, upweke na mchezo wa mabano. Ila usiseme yeye ndiye wa kwanza kuchezea umbo. Win Lyovarin, msomi wa usanifu majengo, alishatunukiwa 1997 na 1999. Hebu ona, wasanifu tena! Mimi ningeuanzia utangulizi hapo, wasifu ukafuata.

Filamu ya 2003 aliyoiandika na Pen-ek Ratanaruang itaje kwa sentensi moja tu, la sivyo Saumu ataanza na Asano wake, yule mwigizaji wa Kijapani aliyemo, na hatutamaliza.

Sasa niambie. Mnatumia The Sad Part Was, ile tafsiri ya Kiingereza ya hadithi zake ya Mui Poopoksakul iliyotoka London 2017, au mtu kakuletea nakala ya kuokoteza? Saumu anataka kuichapisha tafsiri yake, au ni ya kikaoni tu? Kama ni kuchapisha, inabidi aombe idhini kwa mwandishi, na kwa Mui vilevile, maana anatafsiri kutoka Kiingereza chake, ameshaandika barua? Nani atasoma ndani ya mabano? Na Haji amekubali kuja, au bado amenuna kwa yale ya mwezi uliopita?

Nijibu kabla ya Alhamisi.

Wako,
Rukia