Kusaini mahudhurio sio kuridhia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu hivi vyeti vya uendelevu, vile ambavyo kampuni inapewa kuonyesha inafuata viwango vya kutunza mazingira na haki za watu, vya mbao, mafuta ya mawese, madini, kaboni na kadhalika. Sivipingi, nasema mapema nisieleweke vibaya, maana ziko nchi ambazo sheria haimtambui kabisa mwenyeji wa msitu na hicho kiwango cha hiari ndo karatasi pekee inayomtaja kama mwenye haki. Kinachonikera ni vile neno ridhaa, yaani jamii kukubali mradi kwenye ardhi yake, linavyotumika.

FSC, shirika la viwango vya misitu lililoanzishwa 1993, lina kanuni nzima ya 3 kuhusu watu wa asili, RSPO, wale wa viwango vya mawese, nao wanadai ridhaa, na miradi mingi ya kaboni inadai hivohivo. Msingi uko kwenye Tamko la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili, lile lililopita kwa kura 144 dhidi ya 4: ridhaa iwe huru, ipatikane kabla kazi haijaanza, na watu wawe na taarifa kamili. Hapo hakuna utata hata kidogo, utata unaanza watu wakishafika kwenye mkutano ambao kampuni inawaitia kuwauliza.

Niliwahi kuitwa kutafsiri kwenye mkutano mmoja wa aina hiyo, kampuni siitaji. Mlangoni kulikuwa na meza na karatasi ya safu tatu, jina, simu, sahihi, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba, alafu ndani ikaonyeshwa ramani ya rangi ukutani na maelezo marefu ambayo nusu yake hata mimi sikuyaelewa vizuri na ndo nilikuwa nayatafsiri. Mzee mmoja akasimama akauliza, hapo palipopakwa kijani ndo tunapozika watu wetu, je tukikataa itakuwaje? Mwongozaji akaniambia nimjibu kwamba maoni yake yamepokelewa. Nikamwambia. Mzee hakukaa, akabaki ananiangalia akidhani bado naendelea kutafsiri.

Miezi kadhaa baadaye nikaiona ripoti, na ile karatasi ya mlangoni imeambatishwa nyuma kama ushahidi kuwa jamii imeridhia. Dole gumba la yule mzee lipo. Sijawahi kuona aibu kama siku ile, kwasababu sauti iliyowaambia waingie na waandike majina ilikuwa yangu.

Kushirikishwa na kuridhia ni vitu viwili tofauti jamani. Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilishasema kwenye kesi ya Wasaramaka, jamii ya Suriname huko Amerika Kusini, 2007, kwamba kwa mradi mkubwa wenye athari kubwa kwenye ardhi ya watu haitoshi kushauriana nao, lazima wakubali, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaufuata msimamo huo kwenye kesi ya Waendorois wa Kenya waliotolewa maeneo ya Ziwa Bogoria. Anayeulizwa lazima aweze kusema hapana na hiyo hapana ibadilishe kitu, kama haibadilishi kitu basi hakuulizwa, ametangaziwa.

Na mkaguzi naye, sisemi wote ni wabaya, wengi ni watu wa dhamira njema, lakini anachaguliwa na kulipwa na kampuni ileile anayoikagua, anakaa siku chache, mara nyingi hajui lugha ya pale na anategemea mkalimani aliyeletwa na kampuni hiyohiyo, sasa katika hali hiyo nani atamwambia ukweli? RSPO wana utaratibu wa kutangaza upandaji mpya kwenye tovuti yao siku 30 watu watoe maoni, ni jambo jema, ila kwa mtu anayeishi mbali na mtandao siku 30 zinapita bila yeye kujua kama zilianza, na ukimya wake hauwezi kuhesabiwa kuwa amekubali.

Kampuni inachukua cheti kwa hiari yake, basi na jamii nayo iwe na hiari, iamue yenyewe inakubaliana vipi na kwa muda gani, iondoke na hizo ramani ikazijadili bila mgeni kukaa pale, itafute mshauri wake na gharama zitoke kwenye mfuko usioshikwa na kampuni. Makubaliano yaandikwe kwa lugha yao na nakala ibaki kwao.

Ombi langu kwa mnaoandika hivi viwango na mnaokagua ni dogo sana. Karatasi ya mahudhurio isipokelewe tena kama ushahidi wa ridhaa, na kila ripoti iwe na ukurasa unaosema jamii ilikataa nini, na baada ya kukataa mpango ulibadilishwa wapi.

Mkalimani, msomaji wenu wa siku nyingi