Saa munane ya usiku: barua ya wazi kwa wakuu wa kituo cha walinda amani, Karen

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, na kwa maofisa wote mnaoongoza Kituo cha Kimataifa cha Mafunzo ya Kulinda Amani, IPSTC, Karen, Nairobi.

Wakuu wangu,

Nawaandikia kutoka Kayole, upande wa pili wa jiji mnaloishi ninyi. Mimi ni Mkongomani, mzaliwa wa Kivu Kaskazini. Kwa miaka minne nilikuwa mkalimani wa wanajeshi wa kofia za buluu, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, nikizunguka nao vijijini kwetu, na sasa nafundisha Kiswahili na Kifaransa hapa Nairobi. Sijasoma kwenu. Ila nimefanya kazi na watu waliopitia vyuo kama chenu. Nimepanda nao gari moja, nimekula nao sahani moja, na siku tuliyorushiwa risasi njiani mmoja wao alinilalia juu ili zisinipate mimi. Naandika nikiwa na deni lao moyoni.

Ombi langu naliweka mbele ili msilitafute. Naomba Kiswahili cha Kivu kiwe somo la lazima kwa kila anayepitia mikononi mwenu akielekea mashariki ya Kongo. Naomba kifundishwe na watu wa Kivu wenyewe, na mmoja wao apewe kiti kwenye kikao mnachopangia mafunzo.

Niruhusuni nieleze nililoliona.

Kijiji kimoja, mwaka ambao sitautaja, mama mmoja alimweleza ofisa wa doria kwamba watu wenye silaha walipita nyuma ya nyumba yake. "Balipita saa munane ya usiku," alisema. Munane kwetu ni nane. Siku hiyo sikuwa kwenye doria. Aliyefuatana nao alikuwa kijana mgeni katika kazi, naye akatafsiri namba kama alivyoisikia, nane ya saa za Kizungu. Jioni nikaiona ripoti mezani: saa mbili usiku, kwa saa za kijeshi 20:00. Mama alikuwa amesema saa nane, yaani 02:00. Kwa makosa hayo doria za ulinzi zilipangwa kuanzia jua likizama, zikarudi kambini kabla ya usiku wa manane. Nilimkimbilia ofisa nikamweleza kwamba sisi huhesabu saa kuanzia alfajiri, kwamba saa moja yetu ni saa saba yenu. Alishika kichwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye nidhamu, aliyefaulu kila kozi aliyopewa. Kozi zote hizo hazikumwambia kwamba watu anaokwenda kuwalinda huanza kuhesabu siku jua linapochomoza.

Na kuna neno jingine ambalo kosa lake ni langu mwenyewe. Mlinzi wa amani akifika kijijini huuliza: hali ikoje? Watu wetu hujibu: "Tuko tu." Nimeitafsiri mara ngapi kuwa "tuko salama", kwa sababu ofisa ana haraka, msafara unasubiri, na mvua inakuja! Ninyi mnaijua lugha hii, mnajua "tuko tu" si habari njema. Ni jibu la mtu ambaye hajafa, basi. Anayelisikia vizuri huzima injini, hushuka, huomba kigoda na kukaa. Mama hataji jina la kundi mbele za watu. Atasema "bale", wale, na kidevu chake kitaelekea mlima fulani. Atasema "ba ku musitu", wale wa msituni. Kule Beni watasema "ba NALU", waasi waliotoka Uganda. Kila "bale" ina mwenyewe, na wa kuijua ni yule tu aliyefundishwa kuisikiliza.

Msidhani nakuza jambo dogo. Mnaifahamu habari ya Kiwanja, wilayani Rutshuru. Tarehe 4 na 5 Novemba 2008, wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP waliingia nyumba kwa nyumba wakaua watu wapatao 150. Kambi ya walinda amani wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilikuwa hapo hapo, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ikiwa na askari wapatao 120. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, na sitazipunguza hadi zibaki moja. Lakini Human Rights Watch, katika ripoti yao ya Desemba ya mwaka ule, waliandika jambo ambalo mimi mkalimani siwezi kulisahau: mkalimani wa kikosi kile aliondoka mwishoni mwa Oktoba, na karibu mwezi mzima ukapita hajapatikana wa kushika nafasi yake. Askari 120, mji unawaka moto, na hakuna wa kumuuliza mtu barabarani: wanakwenda wapi, wako wangapi, wameingia kwa nani?

Kisha Luvungi, wilayani Walikale. Kuanzia Julai 30 hadi Agosti 2, 2010, wanawake, wasichana, hata wanaume na watoto zaidi ya 300 walibakwa katika vijiji 13 vya barabara ile ya Kibua na Mpofi. Kambi ilikuwa Kibua, kilomita 30 hivi. Doria ilipita njiani siku hizo hizo, na hakuna aliyewaambia askari kilichotokea. Watu wengi wa nje walishangaa: kwa nini hawakusema? Mimi sikushangaa. Mwanamke aliyetendwa vile atamwambia nani, kwa lugha gani, akiwa amesimama kando ya gari la mizinga mbele ya wanaume wa kijiji kizima?

Haki itendeke, baada ya hapo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulijifunza. Tangu 2010 uliwaajiri Wakongomani kuwa wasaidizi wa mawasiliano na jamii, wanaokaa kambini na vikosi na kupokea simu za wanakijiji usiku na mchana. Nawafahamu baadhi yao, na naamini wameokoa roho nyingi kuliko bunduki. Hata hivyo mtu mmoja au wawili kwa kambi nzima wataugua, watakwenda likizo, watatishwa. Sikio la kambi likiwa la mtu mmoja, adui anajua mlango wa kufunga. Mbali na hayo, neno humfikia askari likiwa limepita mikono mingi: mama anaanza kwa Kihunde au Kinande, jirani analigeuza Kiswahili, mkalimani analigeuza Kiingereza, na sajini analigeuza Kiurdu au Kibengali kwa vijana wake. Likifika mwisho wa safari hiyo, limechoka.

Ilipoundwa ile Brigedi ya Kuingilia Kati ya ujumbe huo mwaka 2013, kwa azimio 2098 la Baraza la Usalama, ikiwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, sisi watu wa Kivu tuliona kitu kipya. Mtanzania alishuka garini akaamkia wazee. Alinunua ndizi akabishana bei. Watoto hawakumkimbia. Mama zetu waliwaita "batoto betu", watoto wetu, na usiku wa Desemba 7, 2017, waliposhambuliwa kule Semuliki na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa, kulikuwa na kilio katika nyumba za Beni ambacho sikuwahi kukisikia kwa ajili ya askari wa kigeni.

Lakini hata ndugu hao walihitaji kufundishwa. Nilimwona askari mmoja wa Tanzania akikagua lori. Dereva akamwambia amebeba "makala". Askari alitazama kwa mashaka, akauliza ni makala za gazeti gani. Makala kwetu ni makaa. Kwenye kizuizi cha barabarani, kati ya watu wawili wenye hofu na bunduki moja, kutoelewana kwa namna hiyo kunatosha kumwaga damu. Siku ile Mungu alisaidia. Kulia kwetu twasema kuume. Tisa, wazee wetu husema kenda. "Banakuya" ni wanakuja. Ndiyo maana nasema Kiswahili cha Kivu, na ndiyo maana sisemi mwalimu yeyote wa Kiswahili atafaa, hata awe na shahada ya Dar es Salaam.

Najua mtakalonijibu, kwa kuwa nimeshalisikia: mitaala inatoka New York, lugha ya kazi ni Kiingereza na Kifaransa, muda ni mfupi, na fedha ni za wafadhili. Juu ya mitaala, mnajua vizuri kuliko mimi kwamba tangu miaka ya 1990 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limeweka jukumu la kuwaandaa askari kabla ya safari mabegani mwa nchi zinazowatoa. Ile mitaala ya msingi ni sakafu, na hakuna aliyewakataza kujenga juu yake. Juu ya lugha, Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na mwaka huo huo Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Askari wa Kenya wameshakwenda Kivu mara mbili katika miaka hii ya karibuni: katika brigedi ile ya MONUSCO, jina jipya la MONUC, kuanzia 2021, kisha katika jeshi la Jumuiya kuanzia Novemba 2022. Na juu ya muda, nazungumza kama mwalimu. Simtaki mtu aandike insha. Saa 30 zinanitosha kumfundisha mgeni salamu, namba, saa, pande nne za dunia, majina ya silaha na ya mifugo, maneno ya kumuomba mtu radhi, na namna ya kunyamaza mtu anapolia. Kwa Mkenya, ambaye tayari ana lugha, saa 10 zatosha kumzoeza masikio.

Polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024 walijikuta katika nchi ya Kikrioli. Waulizeni hao waliorudi nyumbani. Wataniunga mkono kuliko mwanasiasa yeyote.

Sasa nije kwenye meza yenu, kwa maana barua hii ni ya wakuu. Wanafunzi wenu wakifanya mazoezi ya kuigiza, raia huigizwa na nani? Kila mahali nilipohadithiwa na maofisa niliofanya nao kazi, raia huwa ni askari mwenzao aliyevaa leso, na hulia kwa Kiingereza. Jaribuni hivi mara moja. Mleteni kwenye kizuizi cha barabarani cha mazoezi mwanamke wa Masisi kule kwetu aliyekimbia vita kweli, aongee kama anavyoongea, akatae kujibu kama anavyokatazwa na woga, ataje "bale" bila kuwataja. Mwacheni ofisa wenu atoke jasho kwa dakika 20. Kisha mkalisheni yule mwanamke mbele ya darasa, mumuulize: alikuogopesha wapi? Ni lini ulianza kumwamini? Hakuna mhadhara wa ulinzi wa raia utakaokaa kichwani mwa ofisa yule kuliko jibu lake.

Ila huyo mwanamke asiwe wa kuitwa kwa siku moja na kulipwa nauli. Mkipanga kozi za mwaka, pawe na mtu ndani ya kikao aliyewahi kulala porini akisubiri gari jeupe lije, likaja au lisije. Vyeo vya kijeshi vinafaa, nami naviheshimu. Jeshi halipangwi bila cheo. Kule Accra, kituo kinachobeba jina la Kofi Annan kinaongozwa na ofisa wa jeshi, na bado kwa miaka mingi kitivo chake cha masomo na utafiti kiliongozwa na raia, Profesa Kwesi Aning, bila nidhamu ya kijeshi kupungua. Raia anaweza kukaa mezani. Ninachoongeza ni kwamba raia huyo anaweza pia kuwa yule aliyelindwa, au aliyekosa kulindwa.

Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na ndugu zangu wako ndani. Nikipiga simu na kuuliza hali, wananijibu: "Tuko tu." Siku hizi sitafsiri tena neno hilo. Nakaa nalo.

Nimeongea na majirani zangu sita hapa Kayole. Yumo aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi Masisi, yumo muuguzi, yumo fundi cherehani aliyewahi kupokea simu za usiku kambini. Wa sita ni mama anayeuza vitenge, ambaye alipoteza nyumba yake Rutshuru mara mbili. Wote wako tayari kuja Karen siku mtakayotaja, na hawakuuliza malipo. Mama wa vitenge aliniuliza jambo moja tu: akifika getini kwenu, atalazimika kuongea Kiingereza? Naomba jibu lenu, nimpelekee.

Wenu kwa heshima,
Mkalimani wa zamani, Kayole, Nairobi