Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tani na Vifo katika Migodi ya Makaa ya Mawe, 1900 hadi 1914

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya kazi za mwaka mbele ya mkutano mkuu, nami natimiza wajibu huo kwa kueleza jambo lililotushughulisha tangu mkutano uliopita, yaani migodi ya makaa ya mawe ya Ulaya na Marekani katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Habari za ada na matumizi atazisoma mweka hazina, ambaye ndiye mwenye daftari. Wapo waliosema mada hii ni ya mbali mno kwa chama cha wasomaji wa historia wa hapa Mbeya. Ila tunaishi jirani na makaa ya Kiwira, na miongoni mwetu wamo waliokwisha kushuka chini ya ardhi kwa kazi, kwa hiyo malalamiko hayo hayakuvuka kikao cha pili.

Nianze na tani, maana wenye migodi nao walianzia hapo. Mwaka 1913 Uingereza ilitoa tani milioni 287 za makaa, kiwango ambacho haijakifikia tena, kwa nguvu za watu wapatao milioni moja na laki moja. Ukigawanya unapata kama tani 260 kwa kila mtu kwa mwaka, na humo wamehesabiwa hata wale wa juu ambao hawakushika sururu. Karibu theluthi ya makaa hayo yaliuzwa nchi za nje au yaliishia katika matanuri ya meli, na yale ya Wales Kusini yalipendwa zaidi na meli za kivita kwa kuwa yalitoa moto mkali na moshi mchache. Mashine zilikata chini ya sehemu moja ya kumi ya mzigo wote wa Uingereza, ilhali Marekani zilikuwa zimekaribia nusu. Yaliyobaki yalikatwa kwa mkono, na mara nyingi mtu alikata akiwa amelala ubavu, kwa sababu katika wilaya nyingi tabaka la makaa halikufika hata mita moja kwa unene.

Mazingira hayo tuliyajadili kwa kirefu, lakini hapa nitataja machache. Mchimbaji alichukua taa yake, akateremshwa kwa kizimba, kisha akatembea au kutambaa hadi mahali pake pa kazi. Nchini Uingereza farasi wadogo wapatao 70,000 walivuta magari ya makaa humo chini, na wengi waliowaongoza walikuwa vijana, kwani umri wa chini wa kuingia mgodini ulikuwa miaka 13 hadi sheria ya 1911 ilipoupandisha ukawa 14. Sheria ya 1908 iliweka saa nane za kazi, ingawa muda wa kushusha au kupandisha zamu haukuhesabiwa wote, hivyo mtu angeweza kukaa chini kupita saa hizo bila sheria kuvunjwa. Mwanga hafifu wa taa ulileta ugonjwa wa macho kutetemeka, ambao hatimaye uliingizwa katika magonjwa yanayolipiwa fidia. Bafu za mgodini zilikuwa adimu, na maji ya kuogea alichemshiwa nyumbani na mke au mama, kazi ambayo haikuandikwa katika hesabu ya tani yoyote.

Ndugu wanachama, jambo ambalo nadhani ndilo pato letu la mwaka ni hili: mchimbaji wa makaa alilipwa kwa tani, na kutokana na malipo hayo ndipo sehemu kubwa ya hatari ilipozaliwa. Tunapozungumza vifo vya migodini, akili hukimbilia milipuko. Hesabu za Uingereza za miaka ile zinaonyesha vingine, kwamba katika mwaka wa kawaida karibu nusu ya waliokufa chini ya ardhi waliangukiwa na mwamba wa juu au wa pembeni, mmoja leo, wawili kesho, bila gazeti la London kuandika mstari. Kinga ya ajali hiyo ilijulikana kwa kila mtu, nayo ni matimba, yaani magogo ya kuegemeza dari la mgodi. Lakini muda wa kukata gogo, kulisimamisha na kuligongea kabari ulikuwa muda usiojaza gari, na kwa kawaida ulihesabiwa kuwa umekwisha kulipwa ndani ya bei ya tani. Aliyesimamisha matimba matatu badala ya mawili alikwenda nyumbani na fedha pungufu.

Wengi tulilielewa hilo siku mzee wetu mmoja, ambaye alifanya kazi chini kwa miaka mingi, alipokuja kikaoni na fimbo yake akatuonyesha jinsi mtu anavyoupima mwamba kabla ya kukaa chini yake: kiganja kimoja kinashikilia juu, mkono wa pili unagonga, na sikio linasikiliza. Mwamba ulioshikana hulia kwa sauti kali. Uliolegea hujibu kama ngoma iliyolowa. Alipoulizwa ni mara ngapi kwa zamu alikuwa akigonga, alicheka, akasema inategemea nyapara yuko wapi na gari limejaa kiasi gani. Wachimbaji wa Uingereza nao waliutumia ujuzi huo huo wa kugonga na kusikiliza.

Ugomvi wa mishahara wa miaka ile unasomeka vizuri zaidi kwa mwanga huo. Aliyepangiwa mahali pabaya, penye maji, mawe mengi au dari bovu, hakuweza kufikisha tani hata angejitahidi namna gani, na suala hilo ndilo lililowasha mgomo wa bonde la Rhondda, Wales Kusini, mwaka 1910. Machi 1912 karibu watu milioni moja waliweka zana chini kote Uingereza, na Bunge likapitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara katika mwezi huo huo.

Milipuko nayo haiwezi kuachwa. Huko Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, vumbi la makaa liliwaka na watu 1,099 wakafa. Wenye mgodi walisitisha uokoaji baada ya siku chache, na siku ya 20 wanaume 13 wakatokea wakiwa hai, baada ya kuponea nyama ya farasi na chochote walichokipata gizani. Monongah, Marekani, Desemba 1907, walikufa 362 kwa idadi rasmi, na mwaka huo migodi ya makaa ya Marekani iliua watu 3,242. Kwa kila wafanyakazi elfu hiyo ni zaidi ya mara mbili ya vifo vya Uingereza, pamoja na mashine zao zote.

Mjadala mkali zaidi ulihusu Senghenydd, Wales, ambako tarehe 14 Oktoba 1913 walikufa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja, katika mgodi ule ule uliokuwa umeua watu 81 mwaka 1901. Sheria ya 1911 ilitaka feni iwe na uwezo wa kugeuza mwelekeo wa hewa, ili moshi na gesi ya sumu visisukumwe kwa walionusurika. Muda wa kutekeleza uliongezwa hadi Septemba, na Oktoba ilipofika kazi hiyo ilikuwa bado. Meneja alitozwa faini ya pauni 24. Katibu wetu aliigawanya faini hiyo pale pale ubaoni, akapata shilingi moja na peni moja kwa kila marehemu. Baadhi ya wanachama waliona hesabu hiyo ni ya kejeli. Mimi naona ni hesabu ya kawaida, na magazeti ya Wales yaliifanya kabla yetu.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba elimu haikukosekana. Daktari John Scott Haldane alikwisha kuonyesha mwaka 1896 kuwa wengi wanaokufa baada ya mlipuko huuawa na gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, si moto, na kutokana na kazi yake waokoaji wakaanza kushuka na ndege wadogo wa kanari, ambao hulegea kabla ya binadamu. Majaribio ya Altofts, Uingereza, yaliyoanza 1908, yalithibitisha kuwa vumbi la mawe likinyunyizwa njiani huuzima mlipuko wa vumbi la makaa. Uingereza haikulazimisha unyunyizaji huo hadi 1920.

Kamati inapendekeza mwakani tusogee Afrika, kwenye makaa ya Wankie (leo Hwange, Zimbabwe), ambako reli ilifika 1903 na ambako koki, yaani makaa yaliyookwa, ya kuyeyushia shaba ya Katanga ilikuwa ikitoka, na Enugu, Nigeria, ambako uchimbaji ulianza 1915. Mwanachama yeyote ambaye baba au babu yake aliwahi kwenda kufanya kazi migodi ya kusini, na nyumbani kukabaki kipande cha kazi, barua au picha, anaombwa amwone katibu kabla ya kikao cha kwanza.