Barua ya wazi kwa Waziri wa TEHAMA: mifumo kusomana ni nusu ya kazi

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TEHAMA,
Dodoma.

Tunakusalimu kwa heshima.

Kila panapozungumzwa mifumo ya Serikali kusomana, yaani taasisi kupeana taarifa kwa kompyuta, Estonia hutajwa. Inastahili. Lakini wasimulizi husifia kompyuta zake na kuziacha sheria zake, na sheria ndizo zilizobeba mzigo. Sisi tunaojenga na kutunza mifumo tunakuomba jambo moja: kabla sajili nyingine hazijaunganishwa, mwananchi naye awekewe njia ya kuona nani amesoma taarifa zake.

Estonia ina watu kama milioni 1.3, mkoa wa Mbeya peke yake unaizidi. Iliporejesha uhuru wake Agosti 1991, baada ya takriban miaka hamsini ya kukaliwa, zaidi na Umoja wa Kisovieti, hazina ilikuwa tupu. Juni 1992 ilitoa sarafu yake, kroon. Serikali ya Mart Laar, waziri mkuu wa miaka 32, haikuwa na fedha za kujaza ofisi na makarani nchi nzima. Uhaba huo ndio uliowasukuma kwenye mtandao. Mwaka 1996 ulianza mpango wa kupeleka kompyuta na intaneti mashuleni, 2000 ikapita sheria ya sahihi ya kielektroniki, 2001 ikaja X-tee, njia ya taasisi kupeana taarifa kwa mtandao, na 2002 kitambulisho chenye chipu.

X-tee si kanzidata kuu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Hakuna ghala moja lenye kila kitu. Sajili ya watu inabaki kwa wenyewe, ya magari kwa wenyewe, ya kodi kwa wenyewe. Kila taasisi huweka seva ya ulinzi mlangoni pake. Taasisi ikihitaji anwani ya mtu, ombi hutiwa sahihi ya kielektroniki, hufungwa kwa usimbaji, hupigwa muhuri wa muda na kwenda moja kwa moja kwa mwenye taarifa. Pande zote mbili hubaki na kumbukumbu ya nani aliuliza, nini, na saa ngapi. Mvamizi akiingia sajili moja, nyingine hazijaanguka naye.

Juu ya mitambo hiyo kuna katazo la kisheria: taasisi hairuhusiwi kuanzisha kanzidata ya kukusanya taarifa ambazo taasisi nyingine tayari inazo. Ndiyo maana fomu ya kodi humfikia raia ikiwa imejazwa, naye hukagua na kuthibitisha kwa dakika chache. Na kumbukumbu zile hazikufungiwa kwa mafundi. Raia huingia tovuti ya Serikali akaona ni taasisi gani iliyotazama taarifa zake. Kwenye mfumo wa afya huona nani alifungua faili lake, na anaweza hata kulifunga. Mtumishi aliyechungulia bila sababu ya kikazi huadhibiwa. Hata kwao si kila sajili imefika hapo, lakini mlango upo.

Yaliyowakwamisha nayo yajulikane. Kadi zilikaa mifukoni miaka kadhaa bila kazi, kwa kuwa huduma za kuzitumia zilikuwa chache. Kura ya kwanza kwa intaneti, 2005, ilipigwa na watu 9,317 tu. Ilipofika uchaguzi wa bunge wa 2023 ndipo zaidi ya nusu ya kura zilipopigwa hivyo. Mwaka 2017 watafiti waligundua udhaifu kwenye chipu yenyewe, na Novemba Serikali ikasimamisha vyeti vya kielektroniki vya kadi zaidi ya 700,000 hadi zisasishwe. Nchi haikusimama, kwa sababu kulikuwa na ufunguo wa pili: kitambulisho kilichomo kwenye laini ya simu. Mwaka 2021 mvamizi alipakua picha za watu zaidi ya 280,000, na Serikali ikalitangaza jambo hilo hadharani.

Mheshimiwa, kwetu namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na inaanza na tarehe ya kuzaliwa. Imeshaandikwa kwenye fomu nyingi mno kuweza kuwa siri. Ya Estonia ina tarakimu 11, nayo si siri. Kinachomthibitisha mtu ni kadi pamoja na PIN, moja ya kuingia na nyingine ya kutia sahihi. PIN ikivuja hubadilishwa. Alama ya kidole ikivuja, mtu hapewi kidole kingine. Wakati huohuo mwananchi bado anabeba vivuli vya vyeti na barua ya serikali ya mtaa, akipeleka Serikalini karatasi ambazo Serikali ndiyo iliyozitoa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, na msingi wake unatosha kuanzia. Kenya iliujua ugumu wa kutanguliza namba: Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliuona utoaji wa kadi za Huduma Namba, namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, kuwa batili, kwa kuwa tathmini ya athari kwa taarifa za watu haikufanywa kwanza.

Tunaomba kanuni inayozuia taasisi ya umma kudai kivuli cha waraka uliomo kwenye sajili ya taasisi nyingine iliyounganishwa. Tunaomba pia kumbukumbu za usomaji zifunguliwe kwa mwananchi, na zisiishie kwenye tovuti. Wengi wana simu ya kitochi, kwa hiyo njia iwe menyu ile ile ya nyota na reli wanayotumia kutuma fedha: abonyeze, aweke namba yake ya siri, apate jina la taasisi, tarehe na sababu. Ianze na sajili mbili, NIDA na bima ya afya, kwa mkoa mmoja. Makosa yatakayojitokeza hapo yatangazwe kabla ya kwenda mkoa wa pili.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wajenzi na watunzaji wa mifumo.