Mpwa wangu, andika "walowezi"

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho usiku, bodaboda zilipotulia. Umesema mwalimu amewataka mwandike historia ya familia, na nusu ya darasa wamekuja na picha za mababu waliofika Kansas, Marekani, kwa magari ya ng'ombe yaliyofunikwa turubai. Wewe una karatasi nne tu za upande wa baba yako, Mmarekani mweusi. Mama yako akakwambia kwa Kiswahili watu hao huitwa walowezi, ukasikia namna alivyolitamka neno lile, ukaniuliza: "Mjomba, na sisi tulikuwa hao?"

Najua alivyolitamka. Mimi na mama yako tumekulia Korogwe, mkonge umetuzunguka pande zote. Kwetu mlowezi ni yule mwenye shamba lisilo na mwisho, aliyewakuta watu mahali pao, akachora mstari, na kesho yake wenyeji wakawa vibarua ndani ya mstari huo. Neno lenyewe halina dhambi. Kulowea ni kuhamia mahali ukakaa moja kwa moja. Hata mvuvi wa Pemba aliyefuata samaki mpaka Moa, akaoa, asirudi tena, amelowea. Ila mwambie mtu wa Korogwe kwamba wakwe wa dada yangu ni uzao wa walowezi, atakutazama mara mbili.

Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Watoto wa dada zetu wako wengi huko, wenye bibi mmoja Same na bibi mwingine Kentucky, na swali hili litawafika.

Nianze na karatasi, maana huko ndiko niko nyumbani. Nilikuwa mpima ardhi miaka 31, nimepanda bikoni, zile nguzo za mipaka, kutoka Handeni hadi Lushoto, na baba yako aliponitumia nakala zile mwaka jana nilizisoma kwa miwani miwili. Zote zinatokana na sheria moja, ile iliyotiwa saini na Rais Lincoln tarehe 20 Mei 1862. Ilimpa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ya dola 18 hivi, kwa masharti: awe na miaka 21 au awe mkuu wa kaya, ajenge nyumba, alime, akae hapo miaka mitano. Mwanamke asiye na mume aliweza kuomba kwa jina lake mwenyewe. Mgeni kutoka Ulaya naye aliweza, ili mradi ametangaza nia ya kuwa raia. Mtu mweusi aliyezaliwa utumwani alisubiri; uraia wake haukuandikwa kwenye katiba mpaka mwaka 1868.

Kwa nini 160 na si 150? Hapa nivumilie kidogo. Nchi nzima ya magharibi waliikata kwa miraba kabla hawajaigawa. Mraba mkubwa una maili sita kila upande, ndani yake miraba 36 ya maili moja moja, kila mmoja ekari 640. Ukate mara nne, unapata 160. Walipima kwa mnyororo wa futi 66, na minyororo 80 ni maili moja kamili. Sisi chuoni tulionyeshwa mnyororo kama ule umening'inizwa ukutani. Mahali pasipo jiwe wala mti, walirundika udongo uwe alama ya kona na kufukia makaa chini yake, kwa sababu makaa hayaozi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka mzee mmoja wa Mazinde aliyeng'oa bikoni yangu akafanyia figa. Kizuri cha miraba ni kwamba haigombani na mtu, mstari ni mstari. Kibaya ni kwamba haioni mto, haioni kaburi, haioni njia ya watu waliopita hapo miaka mia tano.

Sasa chukua karatasi ya tatu, ile yenye maswali. Miaka mitano ikiisha, mwombaji alitangaza gazetini kwamba anakwenda kuthibitisha, kisha akafika ofisi ya ardhi na majirani wawili wa kumshuhudia. Waliulizwa yote: alihamia lini, nyumba ikoje, kisima kipo, ekari ngapi zimevunjwa, amevuna mara ngapi. Babu wa babu wa baba yako alijibu kwamba nyumba ni ya udongo, ina mlango mmoja na dirisha moja. Wote wawili, yeye na shahidi wa kwanza, hawakuandika majina. Karani aliwaandikia, wao wakaweka alama ya X. Nimewahi kushika mikono ya wazee mia kadhaa nikiwapaka wino wa dole gumba kwenye fomu za hatimiliki ya kimila, na nakuhakikishia X ile haikuwekwa kwa haraka. Mistari yake miwili imekandamizwa hadi kalamu imemwaga wino pembeni. Kwenye nakala inaonekana kama doa. Usilifute.

Umri wake umeandikwa, alikozaliwa pia: Kentucky. Ukitaka kurudi nyuma zaidi utagonga ukuta. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Ya 1860 ina orodha ya pekee ya watumwa: jina la bwana, kisha chini yake umri, jinsia na rangi. Jina la mtumwa hakuna. Baba yako amepata mstari mmoja unaoweza kuwa ni yeye, mvulana wa miaka tisa. Unaweza kuwa ni yeye. Uandike hivyohivyo, "unaweza".

Hao ndio waliokwenda Nicodemus. Mji ulianzishwa mwaka 1877 kando ya mto Solomon, kaunti ya Graham, na mchungaji mweusi W. H. Smith akishirikiana na mzungu mmoja mfanyabiashara wa ardhi, W. R. Hill. Ulikuwa mwaka mbaya kuwa mweusi Kusini. Serikali ya Washington ilikuwa imeondoa askari wake waliowalinda, na waliokuwa mabwana wakaanza kurudi kwenye viti vyao. Matangazo yakasambazwa Kentucky: njooni Kansas, ardhi nzuri, mji wenu wenyewe. Septemba mwaka huo kundi kubwa la watu kama mia tatu lilishuka kwenye treni kituo cha Ellis, likatembea maili 35 hivi kwenda kaskazini.

Walichokikuta kimesimuliwa na mwanamke aliyefika na kundi la pili, masika ya 1878, Willianna Hickman, mke wa mchungaji mwingine. Watoto kadhaa wa msafara wao walikufa kwa surua pale Ellis, wakazikwa, safari ikaendelea siku mbili. Wanaume wakapaza sauti kwamba Nicodemus ile pale. Yeye akatazama huku na huku haoni mji, akauliza uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo yaliyochimbwa kwenye kingo za udongo. Anasema alianza kulia.

Nimekuwa nikiufikiria moshi huo tangu nilipousikia. Mtu ametoka nchi ya misitu, mbao mpaka za kutupa, anafika mahali hakuna mti hata wa kuchongea mpini, kuni zenyewe ni kinyesi kikavu cha nyati. Wale wa Septemba walifika wakati wa kupanda umeshapita. Wanyama wa kukokota plau walikuwa wachache sana, wengi walivunja ardhi kwa jembe la mkono na koleo, na ile nyasi ina mizizi iliyosukwa kama mkeka. Wengine waligeuza siku zilezile, wakarudi. Hill walimkasirikia vibaya, na mimi siwalaumu. Waliobaki walikata udongo pamoja na nyasi zake kama matofali wakajengea, wakaokota mifupa ya nyati porini wakauza kwa tani. Wanaume walikwenda kufanya vibarua kwenye reli, na mara nyingi shamba lililimwa na wanawake. Wazee wa Nicodemus husimulia pia kwamba majira ya baridi ya kwanza walipita Waosage, wenyeji wa asili wa nchi ile, wakitoka kuwinda, wakawagawia nyama.

Hapo ndipo swali lako linapouma. Waosage walikuwa wanawinda kama wageni kwenye nchi waliyokuwa wametolewa miaka michache tu nyuma. Wakansa, ambao jimbo zima linaitwa kwa jina lao, walihamishwa kupelekwa kusini mwaka 1873, miaka minne kabla ya treni ile kusimama Ellis. Na Septemba 1878, babu yako huyo akiwa tayari na shimo lake la kuishi, Wacheyenne wa kaskazini walikatiza magharibi mwa Kansas kwa miguu na farasi, na watoto wao, wakitoroka eneo walilofungiwa, wanataka kurudi kwao. Jeshi liliwafuata nyuma. Fikiria ramani hiyo: hawa wanatoka Kentucky kutafuta mahali pa kuwa watu, na wale wanakatiza nchi hiyohiyo kwa sababu hawana tena mahali.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, nilipomweleza alisema wazee wa baba yako waitwe wakimbizi, basi, mambo yaishe. Sikukubali. Mkimbizi hathibitishi ekari kwa mashahidi wawili. Walikimbia, ni kweli, lakini walikimbilia sheria, wakaijaza fomu, wakapewa hati yenye jina la Rais. Ndiyo maana nakwambia andika "walowezi". Kisha usiache neno likae peke yake. Sentensi inayofuata iseme walizaliwa wakiwa mali ya mtu, na inayofuata iseme ardhi ile Wakansa walikuwa hawajamaliza hata kuililia. Mwalimu wako akiona sentensi tatu hizo hazipatani, mwambie mjomba wako aliyepima mipaka miaka 31 hajawahi kuona shamba ambalo historia yake inapatana.

Mengine yaandike kwa ufupi, yako kwenye vitabu. Mji ulikua: makanisa, hoteli, shule, maduka. Edward McCabe, aliyeanzia pale, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, na huko Kansas hakuna mtu mweusi aliyekuwa amechaguliwa kushika cheo cha jimbo zima kabla yake. Kisha ikaja habari ya reli. Watu wa Nicodemus walikubali kukopa dola 16,000 ili kampuni ya reli ipitie kwao. Haikupita. Mwaka 1888 reli ya kampuni nyingine ikajengwa ng'ambo ya pili ya mto, maduka yakahama kuifuata, mengine majengo yake yalivutwa mazimamazima, na huko kukawa mji wa Bogue. Mtu wa Korogwe haelezwi maana ya hilo. Tumeona reli ikija na tumeona reli ikinyamaza.

Nilifika mara moja tu, harusi ya wazazi wako ikiwa na mwaka mmoja. Ilikuwa wikiendi ya mwisho ya Julai, siku ya kurudi nyumbani, wanayoisherehekea tangu siku zile za kwanza. Wakazi wa kudumu ni wachache mno, lakini siku ile magari yalitoka Denver, Topeka, California. Majengo matano ya zamani yamehifadhiwa na serikali tangu 1996. Shangazi mmoja wa baba yako, akinipakulia mbavu za kuchoma, aliniuliza kwetu tunamwita nani mtu kama yeye kwangu. Nikasema mkwe wa dada yangu, kwa hiyo ndugu. Akasema, "Ndugu," mara mbili, akaniongezea mbavu. Upepo ulikuwa unavuma kama unadai deni.

Jioni baba yako alinipeleka kwenye ile robo ya mraba. Familia iliiuza miaka ya 1930, miaka ya vumbi, na leo ni ngano ya mtu mwingine. Hakuna nyumba. Lakini karibu na kijito kuna mahali ardhi imebonyea, kama kitanda ambacho mtu ameamka. Baba yako anaamini ni shimo lile la kwanza. Mimi sikusema kitu, kwa sababu sikuwa na kipimo mkononi na giza lilikuwa linaingia.

Karatasi ya pili inataja kijito na inataja robo ipi ya mraba upi. Kwa hiyo Julai mkienda, muombe ruhusa mwenye shamba, mwanzie kwenye kona ya barabara, ambayo ndiyo kona ya mraba, na mtembee kuelekea kwenye hilo bonyeo. Hesabu hatua wewe, si baba yako, yeye ana miguu mirefu na hesabu yake huwa ya kupendelea. Kabla hujaanza, pima futi 66 kwa utepe, uhesabu hatua zako humo ni ngapi. Nitumie namba zote mbili.

Mjomba wako,
Korogwe